Mlango Uliofunguliwa kwa Nia Nyingine



Mama mmoja wa upande wa Iramba alitujia baada ya mavuno, akakaa kitambo bila kusema neno, kisha akatueleza jambo lililomkosesha usingizi. Katika kijiji chake ilichaguliwa halmashauri ya kutunza kisima. Wazee walikuwa wamekwisha kuyapanga majina, yote ya wanaume, ndipo mmoja wao akakumbuka ya kwamba wageni watakaokuja kukitazama kisima watauliza, “Wanawake wako wapi?” Basi wakaliandika na jina lake. Wala hawakumficha sababu. Mmoja alimwambia kwa kicheko, “Mama, kazi yako ni kukaa mbele siku ya wageni.”

Mama huyu amechota maji tangu utoto wake. Ajua ni mwezi gani maji hupungua, na ni nani huiacha mifugo yake ikanyage ukingo wa kisima. Akatuuliza, “Je, nikubali? Nikikubali, nitakuwa pambo la watu. Nikikataa, kiti kitapewa mwingine asiyekijua kisima, au kitakaa kitupu.”

Hatukumjibu siku ile. Swali lake laonekana dogo, kumbe ndani yake lina swali ambalo watu wote hulikuta siku moja: mlango ukifunguliwa mbele yetu kwa nia isiyo njema, je, ni halali kuingia? Katika kulifikiri tulikumbuka habari za mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, ambaye maisha yake yote yalikuwa kulinda mlango, naye alipata kufunguliwa mlango wa namna hiyo mbele ya macho ya watu wengi. Tumeona vema kuzisimulia habari zake, kisha tulipime neno lenyewe.

Jina lake ni Manon Rhéaume. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1972 katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Huko wakati wa baridi maziwa huganda hata yakawa magumu kama sakafu ya saruji. Msomaji wa Singida na alifikirie Ziwa Singidani limeganda lote, na watoto wakiteleza juu yake kwa viatu vyenye visu vya chuma chini ya nyayo. Juu ya barafu ya namna hiyo watu wa Kanada hucheza mpira wa magongo. Hawapigi mpira wa duara, bali kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, nacho hupigwa kwa nguvu hata mwendo wake waweza kupita kilometa 150 kwa saa. Mchezo huu haukukaa katika nchi za baridi tu. Jijini Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakajifunza humo, wavulana kwa wasichana, hata mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Katika mchezo huo yuko mmoja asiyekimbia pamoja na wenzake. Yeye husimama mbele ya lango lenye upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, amevaa kinyago na mavazi mazito ya kumkinga, na kazi yake ni kuzuia tu. Wasomaji wetu wamjua mtu wa namna hiyo, ingawa hawajaona barafu. Ni kama mtoto aliyewekwa kulinda uwele na mtama kwa ajili ya ndege. Kutwa nzima hupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Makundi kwa makundi huyafukuza. Jioni baba yake akija shambani, hawaoni ndege waliofukuzwa. Huyaona masuke yaliyoliwa. Mlinda lango naye ndivyo alivyo: aliyoyazuia husahauliwa, yaliyompita huandikwa ubaoni.

Kazi hiyo Manon Rhéaume aliianza akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa akiwafundisha wavulana, na ndugu zake walicheza. Alipokosekana mlinzi wa lango, binti huyu alijitoa mwenyewe kusimama. Mwaka 1984 alicheza katika mashindano makubwa ya watoto yafanyikayo mji wa Quebec kila mwaka, akiwa msichana kati ya wavulana. Mwezi wa Novemba 1991 alisimama langoni kwa timu ya vijana wa kiume ya Trois-Rivières, katika daraja la juu la vijana, ambako kabla yake hakuna mwanamke aliyepata kucheza. Kisahani kilimpiga kinyagoni kikamjeruhi kipaji cha uso, akatoka damu zikimtiririka. Mwezi wa Aprili 1992 alikuwa mlinda lango wa timu ya wanawake ya Kanada iliyopata ushindi wa dunia huko Tampere, nchi ya Finland.

Tumeyataja haya kwa kusudi, ili msomaji asidhani ya kwamba aliokotwa njiani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi katika mwaka ule ule wa 1992 ilianzishwa timu mpya katika mji wa Tampa, kusini mwa Marekani, nchi ya jua na michungwa, ambako watu wengi hawakuujali mchezo wa barafu. Mkuu wa timu ile, Phil Esposito, naye zamani alikuwa mchezaji mwenye sifa, alitafuta njia ya kulitangaza jina la timu yake. Akamwita Manon Rhéaume aje kujaribiwa pamoja na wanaume. Wala hakuficha: alikiri waziwazi ya kwamba alitaka magazeti yaandike na watu waje kutazama. Hakusema ya kwamba alimwita kwa kuwa hakuna mlinda lango bora kuliko yeye. Alimwita kwa kuwa ni mwanamke.

Na huyu binti wa miaka 20 alilijua jambo hilo. Jibu lake lilikuwa hivi kwa maana: mara nyingi nimeambiwa siwezi kucheza kwa kuwa mimi ni msichana, leo mtu aniambia naweza kwa kuwa mimi ni msichana, kwa nini nikatae? Tarehe 23 Septemba 1992 akasimama langoni katika mchezo wa matayarisho dhidi ya timu ya St. Louis, mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi ile kuu ya wanaume. Alicheza kipindi kimoja, dakika 20. Kisahani kilielekezwa langoni kwake mara 9. Alikizuia mara 7, mara 2 kikampita. Alipotoka timu mbili zilikuwa sawa, 2 kwa 2.

Sasa na tulipime. Watu wenye dhamiri safi waweza kumlaumu kwa mambo matatu, nasi hatupendi kuyapita kwa haraka, kwa maana kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni hili: aingiaye katika hila ya mtu amekuwa mshiriki wa hila hiyo. Kama mfunguaji ataka pambo, nawe ukaenda kukaa mahali pa pambo, je, hukumsaidia? Neno hili tumelifikiri sana, nasi twaona ya kwamba uongo hukaa katika kusema lisilo kweli au katika kuficha lililo kweli. Rhéaume hakusema yeye ni bora kupita wote. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa sababu ya kuitwa kwake ilijulikana na wote. Nia ya mfunguaji ni mali ya mfunguaji. Yeye ndiye atakayeulizwa habari zake. Nia ya aingiaye ni nyingine, na kazi aifanyayo akiisha kuingia ni ya tatu. Haya matatu watu huyachanganya, na kwa kuyachanganya huwahukumu wasio na hatia. Mtu akikupa jembe ili akucheke unavyolima, ukalima kweli, nafaka itakayoota haitakuwa na kicheko ndani yake.

La pili ni zito zaidi: haki ya mwingine. Walikuwako vijana wa kiume waliotamani dakika zile 20, ambao labda walizistahili kwa ustadi wao. Katika mchezo wa mbio jambo hili halitokei sana. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu wa Singida, alipoishinda dunia katika mbio ndefu za Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, naye akamtangulia kwa kifua tu. Mstari wa mwisho haumwulizi mtu ametoka wapi wala kwa nini ameitwa. Lakini mambo mengi ya dunia hayana mstari wa namna hiyo. Yana mlango, na mlango una mwenyewe. Hapo mmoja akiingizwa, mwingine amebaki nje.

Hatusemi deni hili halipo. Lipo. Ila twauliza: kabla ya siku ile, ni wangapi waliingizwa kwa ajili ya ukoo wao, au jina la baba yao, au urafiki, wala hakuna aliyeona haya? Na ni wanawake wangapi waliozuiliwa wasijaribiwe hata mara moja? Mizani iliyopotoka miaka mingi haiitwi sawa kwa sababu tumeizoea. Tena mchezo ule ulikuwa wa matayarisho, wenye kusudi la kuwajaribu watu. Hata hivyo aliyeingia kwa upendeleo ana wajibu ambao mwenzake hana: ni juu yake kulilipa deni hilo kwa kazi, wala asikae akifurahia kiti. Rhéaume hakukaa. Alikubali kupelekwa katika timu ya chini huko Atlanta, na tarehe 13 Desemba 1992 akawa mwanamke wa kwanza kusimama langoni katika mchezo wa hesabu wa timu za kulipwa za wanaume. Akaendelea miaka kadhaa katika timu ndogo ndogo, katika miji ambayo magazeti makubwa hayakumfuata. Mwaka 1994 alikuwa tena katika timu ya Kanada iliyoishinda dunia, na mwaka 1998, mchezo wa wanawake ulipoingizwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki huko Nagano, alipata medali ya fedha pamoja na wenzake.

La tatu ni juu ya wale wanaofuata. Akishindwa mwanamume mmoja, watu husema, fulani ameshindwa. Akishindwa mwanamke wa kwanza, husema, wanawake hawawezi. Basi, wasema wengine, si afadhali asiende, kuliko kuwaharibia wenzake wote? Twakiri ya kwamba mzigo huu si wa haki. Mlinda lango amekwisha kubeba makosa ya wenzake walioshindwa kuwazuia wapinzani uwanjani, sasa abebe na aibu ya wanawake wote juu yake! Lakini na tutazame upande wa pili. Asipokwenda, mlango hufungwa, na mfungaji hupata neno jepesi la kusema: “Tuliwaita, hawakuja.” Neno hilo hukaa miaka mingi kuliko mabao mawili. Rhéaume alifungwa mara 2 siku ile, na wasichana waliomtazama hawakuhesabu 2. Walimwona mtu amesimama. Tarehe 1 Januari 2024 ilianza ligi ya kulipwa ya wanawake katika Kanada na Marekani, yenye timu 6. Hatusemi ni kwa kazi ya mmoja, maana wengi waliitaabikia. Twasema tu ya kwamba hakuna aliyeweza tena kusema jambo hilo halijapata kuonekana.

Wala tusidhani habari hizi ni za watu wa barafu peke yao. Katika nchi yetu wenyewe lilitokea jambo linalofanana sana. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, alizuru Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU kama chama chao kina wanawake. Inasimuliwa ya kwamba swali lile liliwakuta hawajajiweka tayari. Wakaenda kumtafuta mwanamke wa kusimama mbele ya mgeni, nao wakampata Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana kwa kuimba katika ngoma za mji. Tazameni basi: mlango ulifunguliwa ili mgeni asione kwamba nyumba ina pengo. Lakini yule aliyeingia hakukaa mlangoni. Katika miezi michache aliwaandikisha wanawake kwa maelfu, akisema nao katika lugha yao na katika vikundi vyao vya ngoma, hata chama kikapata nguvu ambayo wale waliomwita hawakuitazamia. Leo nani aulizaye kwamba aliitwa kwa sababu gani?

Wenye kuzisoma nyaraka za Mtume Paulo watakumbuka ya kwamba naye, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi juu ya watu waliohubiri kwa kijicho na kwa fitina. Hakuisifu nia yao. Lakini hakutaka neno lizuiliwe kwa ajili ya nia mbaya ya walisemao.

Je, basi tuseme kila mlango ufunguliwao na uingiwe? La, hasha. Habari za Rhéaume zenyewe zatuonyesha mpaka. Jina lake lilipovuma, gazeti moja la Marekani la picha za uchi lilitaka kumpa fedha nyingi akubali kupigwa picha, naye akakataa. Huo nao ulikuwa mlango, tena wenye fedha nyingi. Tofauti ni nini? Katika mlango wa Tampa, ingawa mwenyewe alitaka kutazamwa kwa watu, ndani yake kulikuwa na kazi ya kweli: lango la kweli, kisahani cha kweli, wachezaji waliojaribu kweli kufunga. Katika mlango ule mwingine hapakuwa na kazi yo yote aliyojifunza. Alitakiwa atazamwe tu. Kwa hiyo twaona alama tatu za kuupima mlango.

Kwanza: je, ndani yake mna kazi ya kweli ambayo waweza kuifanya, hata kama mfunguaji hakuitaka sana? Pili: je, wataka useme uongo, au unyamaze mahali ipasapo kusema? Tatu: je, uko tayari kuifanya kazi hiyo siku ile wageni watakapokuwa wameondoka na hakuna anayetazama? Ikiwa la kwanza ni ndiyo, na la pili ni siyo, na la tatu ni ndiyo, ingia, wala dhamiri isikuhukumu. Ikiwa ndani hamna kazi ila kutazamwa tu, rudi nyuma, hata kama mlango ni wa dhahabu.

Neno moja limebaki, nalo ni kwa wafunguaji, maana ni rahisi kumpima aingiaye na kumwacha mfunguaji aende zake. Ninyi wazee na viongozi, mkimweka mtu mahali kwa ajili ya macho ya wageni, mmemkosea mara mbili. Mmemvunjia heshima siku ile ya kumwita, na mmemwekea mtego baadaye, kwa kuwa akifanya vema mtasema ni bahati, na akikosea mtasema mlijua. Kama mmekwisha kufanya hivyo, wala haiwezekani kurudi nyuma, liko jambo moja liwezalo kutengeneza: mpeni kazi. Mpeni funguo, mpeni daftari, mwacheni akosee kama ninyi mnavyokosea, wala msiyahesabu masuke yaliyoliwa bila kuwahesabu ndege waliofukuzwa. Ni haki ya Esposito kusema pia ya kwamba, baada ya kumwita kwa ajili ya magazeti, alimweka langoni kweli, mchezo ukiwa unaendelea, wala hakumkalisha pembeni ili apigwe picha.

Hayo ndiyo tuliyomwambia yule mama aliporudi. Hatukumwambia kubali wala kataa, kwa maana yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti hicho, si sisi. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: huyo mwanamke wa barafu yuko wapi sasa? Tukamjibu ya kwamba baada ya kuacha kucheza aliwafundisha wasichana mchezo ule miaka mingi, na ya kwamba mwaka 2022 timu ya Los Angeles, katika ligi ile ile ya wanaume, ilimwajiri kuwalea na kuwashauri wachezaji vijana. “Safari hii,” tukasema, “aliitwa kwa ujuzi wake.”

Mama akacheka kidogo. Baada ya majuma mawili tulipata habari kwamba alikwenda mbele ya wazee, akawaambia kwa heshima, “Wazee wangu, nimekubali. Siku ya wageni nitakaa mbele kama mlivyosema. Lakini daftari la fedha za kisima litakaa kwangu, nami nitalisoma mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.” Wazee walitazamana. Yule aliyecheka mara ya kwanza hakucheka tena. Walishauriana tangu asubuhi mpaka ng'ombe walipokuwa wakirudi kunywa maji, kisha wakampa daftari.

Nasi twangoja kusikia mwezi wa kwanza litakaposomwa.